Bwana Kwato na Miguu ya Mwalimu

Watu wa mtaani walimwita Bwana Kwato, na hakulichukia jina hilo hata robo ya alivyojifanya kulichukia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa bwana mifugo. Alichanja ng'ombe, akazalisha mbuzi, akang'oa kupe masikioni mwa mbwa wa wakubwa, lakini kazi iliyompa sifa ilikuwa kupunguza kwato. Ng'ombe akichechemea, yeye aliuinua mguu, akautazama kama mtu anayesoma barua ya mbali, akakata hapa, akasugua pale, na jioni mnyama alitembea kwa maringo kama bibi harusi. Ng'ombe hawakumwambia asante, naye hakuitarajia. Kwa binadamu, hata hivyo, alikuwa na matarajio makubwa, na karibu kila siku walimwangusha.

Alipostaafu, mikono ilipumzika na ulimi ukaingia zamu. Alilalamika kwamba chai ni ya moto mno, akaendelea kulalamika hadi ikapoa, kisha akalalamika kwamba imepoa. Alilalamikia benchi la kanisa, kipaza sauti cha kanisa, na sauti ya tatu ya kwaya. Mkewe alikuwa fundi wa nguo za kike, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Malalamiko yakizidi alikanyaga pedali kwa kasi, na mume naye akapandisha sauti, hivi kwamba wapita njia walidhani humo ndani kuna kiwanda.

Hata sala yake ya chakula ilikuwa kama mtu aliyefika ofisini na faili. Bwana, goti bado. Bwana, jirani na redio yake. Bwana, hili la pensheni umelisikia mwenyewe. Amina. Mkewe alisema malaika wa zamu wakimwona anakuja walikuwa wanafunga dirisha.

Mwaka mmoja kanisa lilichagua wazee wapya wa baraza. Bwana Kwato alikwisha kujipima kwa kiti hicho. Hata koti alimpa mkewe alibane mabegani. Akashindwa kwa kura nne. Aliyemshinda alikuwa mwenye duka la vioo vya madirisha, mtu mnene, mchangamfu, ambaye kicheko chake kilifika mahali kabla ya tumbo, na tumbo kabla yake mwenyewe. Walimwita Bwana Vioo. Bwana Kwato aliamini mwenzake alichaguliwa kwa sababu tu alikuwa mwema kwa watu, jambo ambalo yeye aliliona kuwa hila.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Bwana Kwato akasimama. Kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa lakini amesamehe, alisema kwamba yeye hahitaji kiti ili amtumikie Mungu. Wampe kazi ya chini kabisa, ile ambayo hakuna anayeitaka, naye ataifanya kwa furaha. Hesabu yake ilikuwa rahisi: watu wataguna kwa majuto, mmoja atasema hapana mzee wetu, wewe si wa kazi hizo, naye atakaa chini akiwa amewaachia aibu yao mapajani.

Kabla hajakaa, mama wa huduma, msimamizi wa misaada ya kanisa, alikwisha kufungua daftari lake. Kazi hiyo ipo, alisema, na imekaa miezi minane bila mtu. Wako wazee ambao hawawezi tena kuinama, na kucha za miguu yao zimekuwa ndefu mpaka hawavai viatu. "Na kwa kuwa ndugu yetu ana uzoefu wa miguu," alisema, akaandika.

Kwaya yote iliinamisha vichwa kama inayoomba, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Bwana Kwato akakaa. Maneno ni kama mate: yakishatoka, huwezi kuyarudisha mdomoni.

Mama wa huduma hakuwa mtu wa mzaha. Alimpeleka zahanati asubuhi mbili akafundishwe na muuguzi. Huko aliambiwa aulize kwanza kama mtu ana kisukari. Aloweke miguu katika maji ya vuguvugu dakika kumi. Akaushe hadi katikati ya vidole. Akate kucha moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Na akiona kidonda asikiguse, amlete mgonjwa. Aliyaandika yote, huku akilalamika kwamba kalamu ya zahanati inavuja.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mwalimu mkuu mstaafu, mama aliyekuwa amewafundisha nusu ya waumini, pamoja na Bwana Kwato mwenyewe. Nyonga zilimkamata, na sasa alikaa kitandani karibu na dirisha katika chumba cha tatu cha nyumba iliyo nyuma ya tanuri la mikate. Mpwa wake, aliyefanya kazi hapo tanurini, ndiye aliyefungua mlango, mikono bado ina unga. Chumba kilinukia mkate na dawa ya kuchua. Dawa zenyewe zilipangwa ndani ya boksi la chaki, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama kwa sababu Mwalimu aliagiza itolewe betri. Alisema inampigia kelele kama mtoto asiye na kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika saba kama moja."

Bwana Kwato alisema hayo ni mambo ya zaidi ya miaka hamsini. Mwalimu alimtazama juu ya miwani, akatazama beseni, taulo, na ile sura ya unyenyekevu aliyoivaa tangu mlangoni.

"Niambie kweli," alisema. "Umetumwa na Mungu au na zile kura nne?"

Bwana Kwato alipiga magoti, akajaza maji. Miguu ililowa dakika kumi. Kisha akautoa mguu wa kulia, akauweka kwenye taulo, akashika kikata kucha kipya alichonunua sokoni. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mnene kama kifuniko cha chupa. Akaminya. Kikata kucha kikavunjika, kipande kimoja kikaruka hadi kwenye boksi la chaki.

Alirudi nyumbani, na nusu saa baadaye akaja tena na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi. Alikuwa amekichemsha kwa dakika ishirini, akakipangusa kwa spiriti, na alitumaini hakuna atakayeuliza. Mwalimu akauliza. Bwana Kwato alisema ni kifaa cha kitaalamu. Mwalimu akataka kujua ni cha taaluma gani. Mtu akiwa mbele ya mwalimu wake wa darasa la nne, uongo humkwama kooni.

"Ni koleo la kwato," alisema. "Dogo. La mbuzi."

Mwalimu alicheka mpaka mpwa wake akaja mbio na maji. Alipopata pumzi aliuliza hao mbuzi walisemaje. Bwana Kwato alimwambia, kwa fahari kidogo, kwamba hawakuwahi kulalamika.

"Basi walikuachia wewe," alisema Mwalimu, akamnyooshea mguu.

Ilikuwa kazi ya saa nzima. Mikono ya Bwana Kwato, ambayo kwa miaka mitatu ilishika vikombe vya chai tu, ilikumbuka kila kitu: namna ya kuushika mguu usiogope, kukata kidogo kidogo, kusikiliza sauti ya koleo. Alipomaliza, Mwalimu alichezesha vidole vyake, akavitazama muda mrefu, kisha akasema kwamba ukucha wa mwisho ameukata upande.

Wiki zikaenda. Orodha ilikuwa na wazee saba, na kila Jumamosi alizunguka na beseni lake. Lakini moyoni alikuwa akisubiri. Kanisa lilipaswa kuona, na halikuona. Alianza kuja ibadani na beseni, akaliweka kwenye benchi pembeni yake. Mama mmoja akadhani ni la sadaka, akatumbukiza sarafu. Alimpa katibu salamu za wazee wote saba azisome kwenye matangazo. Katibu akazisahau mfukoni, suruali ikafuliwa.

Hatimaye mchungaji mwenyewe alisimama, akasema tusisahau kumshukuru yule ndugu anayewainamia wazee wetu majumbani mwao, bila kelele, bila kujitangaza. Bwana Kwato akanyoosha koti. Watu wote waligeuka, wakampigia makofi Bwana Vioo.

Mtu alikuwa amemwona Bwana Vioo akitoka nyumbani kwa Mwalimu, alikokwenda kupima kioo cha dirisha, na mengine mtaa ulijaza wenyewe. Bwana Vioo alifungua mdomo, akaufunga, akatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake amshike. Na mke wa Bwana Kwato, ambaye alijua kila kitu, alitoka nje ya kanisa, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

Siku hiyo Bwana Kwato aliapa kuacha. Jumamosi alikwenda kwa Mwalimu kumuaga, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika, akaona amkate kucha kwa mara ya mwisho. Lakini Mwalimu alikuwa ameficha miguu chini ya blanketi. Habari za makofi zilimfikia kabla mikate ya Jumapili haijapoa. Alisema kuanzia leo mguu hautoki bure. Kila atakapokuja, ataje jambo moja analolishukuru, na atapewa maksi. Chini ya tano, anarudi na beseni lake.

Bwana Kwato, ili yaishe, alisema anashukuru kwa uzima.

"Sifuri. Hiyo umenakili. Kila anayesimama kanisani anasema hivyo hivyo, hata aliyelala."

Alijaribu familia: sifuri. Alijaribu chakula: moja, kwa matamshi. Mwalimu alimwambia anataka kitu ambacho akikisikia gizani atajua ni yeye aliyekisema. Bwana Kwato alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, amekunja mikono. Malalamiko yalikuja kumi kwa mpigo, yamepangwa vizuri kama askari. Shukrani ilikuwa kama kutafuta sindano ya mkewe kwenye zulia: unaipata ukiikanyaga.

"Mke wangu," alisema mwishoni, kwa hasira, "akicheka sana hushika ukuta. Nimeona miaka arobaini. Nikiona ameshika ukuta najua nyumba haijaanguka."

Mguu wa kulia wa Mwalimu ukatokeza chini ya blanketi.

"Saba," alisema. "Ungepata nane kama usingekunja uso."

Hakuaga siku hiyo. Tatizo la mtu kupewa kazi ya nyumbani ni kwamba anaifikiria nyumbani. Wiki nzima alitembea akitafuta jambo la Jumamosi, na macho yaliyozoea kutafuta kasoro yakaanza kuleta vitu vingine bila kuagizwa. Yule mzee kipofu aliyekuwa fundi viatu, ambaye alimtambua kwa sauti ya beseni likigonga mlango, na kila mara alimwekea kiti kabla hajaingia. Yule bibi aliyekuwa mpishi wa shule, ambaye hakuweza kusema vizuri tangu alipopata kiharusi, lakini alimshika kichwani alipokuwa amepiga magoti, kama mtu anayembariki au anayejizuia asianguke. Hakujua ni lipi, na aligundua hahitaji kujua. Mwalimu alimpa nane kwa fundi viatu. Kwa yule bibi hakumpa maksi. Alitazama dirishani tu, akatoa miguu yote miwili.

Siku moja Bwana Kwato alijipa ujasiri, akasema si haki mwanafunzi kujibu peke yake. Na Mwalimu naye aseme analolishukuru. Mwalimu hakufikiri hata kidogo.

"Nashukuru kwamba zile kura ulizikosa. Ungezipata, ningekufa na kucha hizi."

Bwana Kwato alitaka kukasirika. Alisubiri hasira ije, haikuja, akaendelea kusugua kwa tupa.

Mwezi mmoja baadaye Bwana Vioo alibisha hodi nyumbani kwake. Alingoja mpaka mke amalize kukaribisha, kisha akaomba wazungumze uani. Alijikanyagakanyaga na maneno mengi, na mwishowe akatoa ya moyoni. Ile siku ya makofi alitaka kusema si yeye, lakini makofi yalikuwa matamu, na aliposita mara moja, mara ya pili ikawa ngumu zaidi. Sasa watu walimshukuru sokoni. Mama mmoja alimbusu mikono. Usiku halali vizuri. Na juu ya hayo, alisema akitazama chini, au akitazama pale ambapo chini pangekuwa kama tumbo lisingekuwepo, yeye mwenyewe hajaziona kucha zake tangu mwaka juzi, na moja imeanza kuingia nyamani.

Bwana Kwato alileta beseni. Alimketisha mwenzake kwenye kiti, akamloweka, akapiga magoti. Na hapo, akiwa na mguu wa mzee wa baraza mkononi na koleo la mbuzi katika mkono mwingine, alielewa kwamba Mungu amemweka mahali pazuri sana. Angeweza kumwambia akatubu mbele ya kanisa zima. Angeweza kukata bila haraka huku akimhutubia kuhusu ukweli. Mkewe, aliyekuwa akichungulia dirishani, alisema baadaye kwamba sura ya mumewe ilipita misimu yote minne ya mwaka.

Alikata kucha tisa, taratibu, bila neno. Ya kumi akaiacha.

Bwana Vioo alisema kwa adabu kwamba imebaki moja.

"Najua," alisema Bwana Kwato. "Hiyo utaipata Jumamosi, nyumbani kwa Mwalimu. Wewe ndiye utakayebeba maji."

Jumamosi waliingia wote wawili, Bwana Vioo akihema na ndoo. Mwalimu aliwatazama walivyopiga magoti pamoja sakafuni, mmoja mwembamba kama kijiti na mwingine akiwa hawezi kuinuka bila kushika kitanda. Alisema miaka yote aliyofundisha hajawahi kupata darasa zuri kama hili: aliyepata kura na aliyezikosa, wote chini ya miguu yake. Aliwakumbusha kwamba Yesu naye alipiga magoti hivyo hivyo na beseni. Kisha akaongeza kwamba Yesu aliosha tu; kucha aliwaachia wao.

Bwana Vioo alijifunza haraka kuliko ilivyotarajiwa, maana mikono iliyozoea kioo haina papara. Jumapili ya pili alisimama kanisani, akasema yale makofi yalikosea nyumba. Watu walicheka, wakageuka kumpigia makofi mwenye mali. Bwana Kwato hakuwepo. Yule fundi viatu kipofu alikuwa amefungwa bendeji mguuni, na Bwana Kwato alikuwa zahanati akimshika mkono kwenye foleni. Alipoambiwa baadaye kwamba amekosa makofi yake, Bwana Kwato alisikitika, lakini kwa muda mfupi kuliko alivyopanga.

Mwalimu alihama mwishoni mwa mwaka. Binti yake alikuwa amejenga katika mji mwingine, chumba cha chini kisicho na ngazi, na alikuja na gari kumchukua. Asubuhi ya safari Bwana Kwato alimkata kucha mara ya mwisho, ingawa zilikuwa hazijakua. Alimkausha kila kidole peke yake, akampaka mafuta, akamvalisha soksi, halafu viatu, viatu vya kufunga kamba, ambavyo Mwalimu hakuwa amevivaa kwa miaka miwili.

"Unajua sijawahi kukuambia asante," alisema Mwalimu.

"Sijakuomba."

"Siku ya kutoomba ndiyo niliyokuwa naisubiri." Aliinama kadiri nyonga zilivyomruhusu, akamgusa shavu kwa kiganja. "Asante, mwanangu. Na ile saba yako bado inafanana na moja. Niliiona kwenye orodha yako."

Gari liliondoka. Bwana Kwato na Bwana Vioo walibaki barabarani na beseni na ndoo. Walitembea mpaka kona, na hapo Bwana Kwato alikaa ghafla kwenye ukingo wa barabara. Bwana Vioo alidhani ni presha, akaanza kumpepea kwa taulo. Haikuwa presha. Ilikuwa tu kwamba, katika kutafuta jambo la Jumamosi ijayo, alikumbuka hakuna tena wa kumpa maksi, na bado mambo yalikuwa yakija: unga kwenye mikono ya yule mpwa, uzito wa mguu uliomwamini, huyu mtu mnene anayempepea kwa taulo lenye maji. Yalikuja mengi kwa mpigo, hayana foleni. Aliinamisha kichwa pale pale, magari yakipita, akamwambia Mungu. Hakuwa na ombi lolote, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe, na labda na malaika wa zamu pia.

Kisha akafuta uso kwa ncha ya taulo, akalalamika kwamba linanuka, akafungua orodha. Mama wa huduma alikuwa ameongeza jina jipya: dereva mstaafu wa lori, mkali, aliyemfukuza muuguzi mara mbili na mchungaji mara moja.

Mlango ulikuwa wa bluu, umebanduka rangi. Waligonga. Sauti ya ndani iliuliza ni nani. Bwana Vioo alijibu kwa upole kwamba ni watu wa kanisa, wamekuja kwa ajili ya miguu. Sauti ikasema imesikia habari zao, na kwamba yeye si mbuzi. Kiatu kikagonga mlango kwa ndani.

Bwana Kwato aliweka beseni chini, akasikiliza. Kiatu cha pili kikafuata.

"Vyote viwili," alimnong'oneza mwenzake, akikunja mikono ya shati. "Sasa yuko miguu mitupu. Leta maji."